Rumba: gitaa jembamba linalolia nyuma ya sauti, linapigwaje kwa gitaa kavu?

Ufukwe_Ilemela
Habari wakuu. Wimbo wa nne kwenye albamu mpya ya mwanamuziki wangu wa rumba umenishika hasa. Kinachoniteka ni gitaa linalocheza nyuma ya mwimbaji kabla sebene (ile sehemu ya kasi ya kucheza) haijaanza. Si solo wala si ridhimu, liko katikati, linameremeta mfululizo. Kodi (chords) nimeshazipata: D, G na A, na zinakubaliana na besi. Nikizipiga mwenyewe zinatoka nzito, mng'aro haupo. Gitaa langu ni kavu, nyuzi za chuma, na kapo (kibano cha kubana nyuzi zote shingoni) ninayo. Shida ni vidole au gitaa? Natanguliza shukrani.

NyuziSita
Mkuu, vidole havina kosa. Hilo ni gitaa la mi-solo, na kwenye rumba ya Kongo mara nyingi huwa limefungwa tofauti: uzi wa nne mnene hutolewa, unawekwa uzi mwembamba kama ule wa kwanza. Wenyewe mfungo huo wanauita mi-composé.

Uzi huo mwembamba unautyuni D, ila D ya juu: Hz 293.7 badala ya 146.8. Angalia namba kwenye programu ya kutyunia, maana herufi inaonekana ileile. Usiogope kuukata, kwa kuwa D hiyo iko chini kidogo ya E ya uzi wa kwanza. Usijaribu tu kuukaza ule mnene wa zamani hadi ufike huko: kupandisha oktavu moja, yaani Hz mara mbili, kunataka mkazo mara nne. Utakatika, au utang'oa daraja la gitaa.

Sasa weka kapo freti ya pili upige maumbo ya C, F na G. Utapata D, G na A zako. Hapo ndipo utamu ulipo. Kwenye umbo la C, uzi wa nne unatoa noti ileile ya uzi wa kwanza ulio wazi. Kwenye F, uzi wa nne na wa kwanza tena zinalingana. Kwenye G, ukibana uzi wa pili freti ya tatu, unalingana na wa nne ulio wazi. (Freti hizi zihesabu kuanzia kwenye kapo.) Nyuzi mbili zenye noti moja, zikipigwa kwa kupokezana, hazilingani kwa asilimia mia, na tofauti hiyo ndogo ndiyo mng'aro unaousikia.

Luthia_Mkuyuni
Naunga mkono, ila mfereji wa uzi wa nne pale kichwani ulichongwa kwa uzi mnene. Mwembamba utazama, utayumba pembeni na kukwaruza freti ya kwanza. Kata kipande chembamba cha kadi ya vocha, kilaze ndani ya mfereji, kisha kaza. Usichonge chochote, ili siku ukitaka kurudisha uzi wa kawaida urudishe.

Ukipanda juu sana shingoni utasikia uzi huo unashuka kidogo, kwa sababu tandiko la gitaa kavu (kile kipande cha darajani nyuzi zinapoegemea) halisogei. Mi-solo nyingi inachezwa chini, karibu na kichwa cha gitaa, kwa hiyo haitakusumbua. Wenye gitaa la umeme wasogeze tandiko la uzi huo mbele, kuelekea shingoni. Na wenye gitaa la nyuzi za plastiki wasifunge chuma kabisa, daraja litabanduka.

Ufukwe_Ilemela
Asante sana wakuu. Uzi mmoja mmoja haupatikani dukani, wanauza seti. Nichukue upi?

NyuziSita
Uzi wa kwanza wa seti yoyote ya chuma, unene namba 10 au 11. Namba 11 ni bora, kwa kuwa ukishushwa hadi D haulegei sana. Unyevu wa ziwani unawahisha kutu kwenye nyuzi hizi nyembamba. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza.

Sikio_la_Kirumba
Kabla hujafungua kitu, usisikilize kwa spika moja ya bluetooth. Kwenye rumba magitaa mara nyingi hugawanywa kushoto na kulia, na spika moja inayachanganya. Vaa earphone, toa sikio moja, kisha jingine. Upande mmoja huenda ukakupa mi-solo ikiwa karibu peke yake. Hakikisha simu haijawekwa kwenye sauti ya mono.

Halafu punguza kasi kwa VLC hadi 0.75, ikishindikana 0.5, sauti haishuki noti. Rudia sekunde nne tano tu. Anza kwa kunyamazisha nyuzi kwa mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia piga mdundo mtupu kwa gumba na kidole cha shahada, karibu na daraja. Wengi wanaanza pale mguu unapogonga, na hapo ndipo inapoharibika: mi-solo mara nyingi huingia katikati ya mapigo mawili. Mdundo ukikaa ndipo urudishe kodi, na kasi uipandishe kidogokidogo.