Mafuta ya vetiva: sifa ya kutuliza imetoka wapi?

Swali
Habari zenu, ndugu. Rafiki yangu amenipa kichupa cha mafuta ya vetiva, akaniambia kwamba yanatuliza mawazo na kuleta usingizi. Nilipokifungua nilipokewa na harufu nzito ya udongo uliolowa mvua, yenye moshi kwa mbali, na mafuta yenyewe ni ya kahawia, mazito kama asali. Naomba kufahamishwa matumizi yake ya asili, na kama sifa hiyo ya kutuliza ina msingi wowote.

Jibu la 1
Ndugu muulizaji, vetiva ni nyasi yenye asili ya India, na jina lake limetokana na Kitamili. Kinachotafutwa ni mizizi, ambayo hushuka wima hadi mita 3 hivi, ndiyo maana nyasi hiyohiyo hupandwa kwenye miteremko ili udongo usichukuliwe na maji. Huko India, ambako huitwa khus, mizizi hufumwa mikeka, ikatundikwa milangoni na madirishani wakati wa joto kali, kisha ikanyunyiziwa maji, na upepo wa moto unaopenya humo huingia chumbani umepoa na kunukia. Wapo pia wanaotumbukiza kifungu cha mizizi katika mtungi wa maji ya kunywa. Kwa maoni yangu sifa ya utulivu ilikolea hapo, kwa kuwa mtu aliyetoka juani akaketi nyuma ya mkeka ule hahitaji kushawishiwa. (Watengenezaji manukato wana sababu yao nyingine: mafuta haya hayaruki upesi, hivyo huzishikilia harufu nyepesi zisipotee.)

Jibu la 2
Naongeza kuhusu utafiti. Yapo majaribio ambamo panya waliovutishwa harufu ya vetiva walipungukiwa na dalili za wasiwasi, lakini panya si mtu, na majaribio ya binadamu ni machache mno kuweza kuyaita mafuta haya dawa. Anayekosa usingizi kwa majuma kadhaa amwone daktari. Usiyanywe, wala usiyapake yakiwa matupu: matone 6 katika vijiko 3 vya chai vya mafuta ya nazi yanatosha, nawe ujaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Mjamzito, mwenye pumu na mtoto mdogo wasitumie bila ushauri wa mtaalamu.

Muulizaji
Nashukuru sana. Jana usiku niliweka tone moja kwenye kitambaa kando ya mto, baada ya kukifumbata kichupa viganjani kwa muda, maana mafuta yaligoma kabisa kudondoka. Kuhusu usingizi sithubutu kusema lolote kwa usiku mmoja, ila asubuhi kitambaa kilikuwa kingali kinanukia.