Kernel ikiapdetiwa tu WiFi inakufa, hizi package za draiva nani anazipima kabla ya kutuletea?

Wakuu habari za humu, leo nimevurugwa vibaya. Niko Kigoma, Mwanga, nina stationery na mashine zangu zote ni Linux, mtandao unaingia kwa WiFi ya USB ambayo draiva yake haimo ndani ya kernel (kiini cha Linux), lazima ijengwe na DKMS, programu inayojenga draiva upya kila kernel mpya ikiingia. Asubuhi vijana wamejaa wanataka kujaza fomu za mkopo wa chuo, nawasha mashine, hakuna mtandao. Kumbe usiku imejiapdeti, kernel mpya imeingia ila heda zake (mafaili ya kujengea draiva za kernel hiyo) hazijaja, DKMS ikakosa cha kujengea moduli, yaani draiva yenyewe, ikairuka, na apdeti ikamaliza kama kila kitu kiko poa!! Modprobe, amri ya kupakia moduli, inasema moduli haipo, na foleni ndo hiyo inanitolea macho.

Kinachoniuma hili linajulikana miaka yote. Moduli iliyojengwa kwa kernel nyingine ukijaribu kuipakia, kernel inaangalia vermagic (alama ya toleo la kernel iliyomo kwenye moduli) inaitema. Sasa kama bila heda hakuna draiva, kwanini heda zinawekwa kwenye recommends (package za kupendekezwa tu) na sio depends (za lazima)?? Huku tunanunua bando jamani, fundi akifunga mashine anazima recommends maana zinavuta mavitu kibao, na hana kosa kabisa. Halafu ukiuliza unajibiwa "si udownload heda", nadownload na nini wakati kilichokufa ndo WiFi yenyewe?

Aliyekwama, chomeka simu kwa waya uwashe USB tethering, draiva yake huwa imo ndani ya kernel. Kisha weka package mama ya heda, ile inayovuta heda za kila kernel mpya, Ubuntu yenye kernel ya kawaida ni linux-headers-generic, Debian ya 64 bit ni linux-headers-amd64, DKMS itajenga yenyewe. Ile ya linux-headers-$(uname -r) wanayopenda kuwapa watu inaleta heda za kernel inayowaka muda huo tu, apdeti ijayo unarudi palepale, na kama umebuti kernel ya zamani ndo kabisa inakuletea za zamani.

Package ya draiva itaje heda kwenye depends, na moduli isipojengeka apdeti igome, mashine ibaki na kernel iliyokuwa inafanya kazi. Nani mwingine yamemkuta, na ni package gani? Tajeni hapa, naandika ripoti ya bug leo leo na nataka niziweke zote.