Jaguar E-Type Series 1: mchoro wa pande nne haukubaliani, nifuate upande upi?

Pikseli_Moja

Salamu wakuu. Natengeneza modeli ya 3D ya E-Type Series 1, ile ya viti viwili yenye paa la chuma, kwenye programu ya Blender. Nina mchoro wa pande nne nilioupakua mtandaoni. Ubavu nimeupa kipimo cha milimita 2,438 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, lakini urefu wa gari zima unatoka 4,280 badala ya 4,453, na paa limekaa chini kuliko kwenye mwonekano wa mbele. Kwa pikseli, gari zima ni 1,840 na kati ya magurudumu ni 1,048. Niuvute mchoro kwa urefu hadi ufike? Na vipimo vya vitu vidogo kama rimu na taa mnavitoa wapi?

Boneti_Ndefu

Usivute chochote, mkuu. Gawanya 1,048 kwa 1,840, unapata 0.57. Gari unalolitaka ni 2,438 kwa 4,453, yaani 0.547. Hiyo 0.57 ni ya 2+2, E-Type ya viti vinne iliyotoka 1966 ikiwa imeongezwa inchi 9 kati ya magurudumu (inafika 2,667) ili viti vya nyuma vipate nafasi. Paa lake liliinuliwa na mlango ukarefushwa. Ubavu ulio nao ni wa gari jingine, na aliyechora ameuunganisha na mbele ya gari fupi. Ukiuvuta, magurudumu yatakuwa mayai na mlango utabaki mrefu vilevile.

Fanya hesabu hiyo kwa kila upande kabla ya kuuingiza kwenye programu. Mbele, upana wa 1,656 gawanya kwa umbali kati ya katikati ya tairi za kushoto na kulia, ambao ni 1,270: upate 1.30. Mchoro unaoshindwa hapo uache, hata kama mistari yake ni mizuri kiasi gani.

Kisha amua mwaka hasa, maana "Series 1" pekee haitoshi. Injini ya lita 3.8 ilikaa hadi 1964, ndipo ikaja 4.2. Magari ya mwanzo kabisa ya 1961 yana vifungio vya boneti kwa nje na sakafu bapa. Dashibodi ya 3.8 za mwanzo ina bati la alumini katikati, za baadaye ni nyeusi. Vioo vya kufunika taa za mbele viliondolewa 1967. Ukichanganya haya, mtu anayelijua gari atagundua kabla hajatazama meshi yako (wavu wa nyuso unaounda modeli).

Lenzi_135

Naongeza kwenye picha, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Picha ya ubavu si mchoro. Mpiga picha akisimama mita 5 kutoka ubavu wa karibu, ubavu wa pili uko mita 6.66 kutoka kwake, kwa hiyo gurudumu la upande ule linaonekana dogo kwa robo nzima. Akirudi hadi mita 15, tofauti inashuka hadi asilimia 10. Kinachobadilisha umbo ni umbali, siyo lenzi. Lenzi ndefu inakusaidia tu kusimama mbali bila gari kuwa dogo kwenye fremu. Picha za simu zilizopigwa karibu zitumie kwa taa, vishikio na mishono, usizitumie kwa umbo la mwili.

Kulinganisha kamera ya Blender na ile iliyopiga picha, programu ya fSpy inatosha na ni ya bure. Mambo mawili yanaiharibu. La kwanza ni picha iliyokatwa pembeni: programu inachukulia katikati ya picha ndiyo katikati ya lenzi, na ukataji unaihamisha. La pili ni mistari. E-Type karibu haina mstari ulionyooka, kwa hiyo usiweke mistari yako juu ya mwili. Tumia vigae vya sakafu, kibao cha namba, au mstari unaopita kwenye vitovu vya magurudumu mawili ya upande mmoja. Ukishapata kamera, weka mchemraba wa 4,453 × 1,656 × 1,222 ukae ardhini. Mchemraba ukigusa pua, mkia na paa la gari kwenye picha tatu tofauti, umepata msingi wa kuaminika.

Angalia pia picha zilizogeuzwa kama kwenye kioo, ni nyingi. Kifuniko cha tangi la mafuta kiko ubavu wa kushoto nyuma. Ukikiona kulia, igeuze kwanza.

Spoku72

Rimu: inchi 15 ni milimita 381, lakini hicho ni kipimo cha mahali tairi linapokalia, ndani. Ukingo unaouona kwa macho unaongeza karibu 20 kila upande, hivyo duara la nje ni karibu 420. Wengi wanapima ukingo huo kwenye picha, wanaupa 381, halafu wanashangaa gari zima limekuwa dogo kupita kiasi.

Spoku (waya za rimu) ni 72. Usinakili moja mara 72 kuzunguka kitovu, kwa sababu hazilali pembe moja wala hazianzii safu moja ya kitovu. Tafuta kwenye picha ya mbele ya gurudumu kundi dogo linalojirudia, litengeneze lote, hakikisha idadi yake inagawanya 72 bila baki, ndipo ulizungushe.

Kwa vipuri vingine, katalogi ya vipuri ya kiwanda ni bora kuliko mchoro wowote wa mtandaoni. Michoro yake haina vipimo, ila inaonyesha kipande kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Mfano ni boneti: madigadi ya mbele ni sehemu yake, na yote yanafunguka kuelekea mbele. Kwa hiyo pembeni usichore mshono kati ya boneti na digadi kama wa magari ya kawaida. Mshono unaofunguka unashuka nyuma ya gurudumu la mbele, kabla ya mlango. Fomu za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) za kuidhinisha gari kwa mbio nazo zina vipimo na picha, lakini usichukue maumbo kutoka picha za Lightweight, E-Type nyepesi za mbio za 1963 na 1964. Zile 12 zilikuwa na mwili wa alumini na mengi yalibadilishwa.

Modeli za kuchezea siziamini hata kidogo. Mara nyingi kiwanda hunenepesha vitu vyembamba ili visivunjike.

Pikseli_Moja

Asanteni, ubavu nimeufuta. Sasa nimepata picha 60 za gari moja jekundu, tangazo linasema ni la 1963. Taa za mbele zina vioo vya kufunika, lakini taa za nyuma ziko chini ya bampa, na swichi za dashibodi ni bapa, za kubonyeza. Nilitumie?

Boneti_Ndefu

Nyuma hiyo ni Series 2, iliyoanza 1968. Series 1 ina taa za nyuma juu ya bampa, swichi za vijiti, na mabomba mawili ya ekzosi yaliyokaribiana katikati. Kwenye Series 2 yametanuliwa kupisha kibao cha namba. Mbele kuna mawili yanayowezekana: vioo vimeongezwa juu ya boneti ya Series 2, au boneti nzima imebadilishwa. Tazama taa ndogo za mbele. Zikiwa chini ya bampa, boneti ni ya Series 2, mdomo wake ni mkubwa na taa kuu zimesogezwa mbele, kwa hiyo hapo usichukue kitu. Zikiwa juu ya bampa, boneti hiyo itumie, ila ishia kwenye mshono wa nyuma ya gurudumu.