Michezo ya Capcom kwenye PS4: tuanze na ipi, watu wawili na bila intaneti?

Himbi_G (Goma)
Jambo bakubwa. Mashine ni PS4 Slim ya okazi (iliyokwishatumika), giga 500, maneti mbili (vishikio vya kuchezea), televizheni ya inchi 32. Franga zinatosha CD tatu. Nataka za Capcom tu, ile kampuni ya michezo ya Japani, FIFA imeshachosha nyumba nzima. Masharti: angalau mmoja uchezwe na watu wawili kwenye skrini moja, uanze bila kushusha giga na giga za maboresho, mega ni bei, na umeme ukikatika katikati, tusirudi mwanzo. Street Fighter V, mchezo wa kupigana, naiona inauzwa nusu ya bei ya 6. Tofauti yake inastahili?

KatubaPlay (Lubumbashi)
V iache, mdogo wangu. Ilitoka 2016 na wahusika 16. Wengine wote unawanunua, au unawafungua kwa Fight Money, na hiyo haihesabiwi kama mashine haijaunganishwa na seva. Matoleo ya baadaye yaliwekewa kodi (namba ya siri ya kufungulia wahusika) ndani ya sanduku, lakini kwenye sanduku la okazi mwenyewe wa kwanza keshaitumia. Hiyo nusu ya bei inatokea hapo.

Street Fighter 6 (2023) ina wahusika 18 mara CD ikishaingia, hata bila intaneti. Kwenye PS4 inachelewa kupakia, na sehemu ya hadithi, World Tour, inakwenda fremu 30 tu kwa sekunde, ila pambano lenyewe ni fremu 60 na ndilo unalolitafuta. Battle Hub isahau, hiyo ni ya mtandaoni.

Kinachowaangusha wageni ni ule mstari wa kijani chini ya uhai, Drive. Una vipande 6. Drive Impact (ngumi nzito na teke zito kwa pamoja) inakula 1, pigo la Overdrive (pigo maalumu lililoongezewa nguvu) 2, kukatiza pigo kwa Drive Rush (kukimbilia mbele ghafla) 3. Mtoto anabonyeza Impact tatu, Overdrive moja, anakinga mapigo mawili, mstari umekwisha: Burnout. Hapo hata akikinga, mapigo maalumu yanamkwangua uhai, na akikinga Impact akiwa ameegemea ukuta anapigwa bumbuwazi. Dawa yake: usishuke chini ya vipande 2, tembea mbele badala ya kurudi nyuma, maana kwenda mbele kunaharakisha mstari kujaa. Impact ya mwenzako jibu kwa Impact yako, usiigonge kwa ngumi ndogo: inavumilia mapigo mawili kabla ya kuvunjika.

Wasiojua kuzungusha kidole wape mtindo wa vitufe wa Moderne, mapigo maalumu yanatoka kwa kitufe kimoja. Nguvu yake inapungua asilimia 20, kwa hiyo mwenye Classique, mtindo wa kawaida, asinung'unike.

Kadutu7 (Bukavu)
Nakubaliana na yaya KatubaPlay juu ya 6, lakini huo ni mchezo wa kupigana ninyi kwa ninyi. Kama mnataka kuwa upande mmoja, tafuta Resident Evil 5, toleo la PS4 la 2016. Skrini inagawanywa, mmoja Chris, mwingine Sheva. Maneti ya pili ibonyezwe kitufe cha PS kwanza, ichaguliwe mtumiaji wake (hata mgeni anafaa), ndipo OPTIONS. Wengi wanaruka hatua hiyo halafu wanasema maneti imekufa.

Kila mmoja ana nafasi 9 za mizigo, basi. Gaweni silaha kwa aina ya risasi: mmoja abebe bastola na ya masafa marefu, mwingine shotgani na bunduki ya rashasha. Mkibeba wote shotgani, katikati ya safari wote mna shotgani tupu. Mimea msiile mmoja mmoja: wa kijani na mwekundu ukichanganywa unajaza uhai wote. Adui mpige goti, akiinama mkaribie umalize kwa mkono, risasi inabaki.

Na mtacheka: maadui wanaitwa Majini, na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Hadithi imewekwa Kijuju, mji wa kubuni wa Afrika Magharibi, ambako Kiswahili hakuna anayekisema! Bibi akipita sebuleni atauliza nani anatukana humo ndani.

CD ya tatu: Resident Evil 2 ya 2019. Mtu mmoja tu, mnapokezana maneti. Wepesi wa kuhifadhi ni kwenye ngazi ya Standard: taipureta haidai utepe, na mchezo unajihifadhi wenyewe mara kwa mara. Hardcore, ngazi ngumu, inadai utepe na haijihifadhi, kwa hiyo penye umeme wa kubahatisha msiiguse. Mwanzoni kabisa fungueni sefu ya ofisi ya magharibi pale kituo cha polisi: kushoto 9, kulia 15, kushoto 7. Ndani kuna mkoba unaoongeza nafasi za mizigo. Mbao mkiziokota zibeni madirisha ya korido za chini, vinginevyo mizoga inayotembea (zombi) inaendelea kuingia na risasi zinaisha.

Himbi_G (Goma)
Aksanti sana. Monster Hunter World je? Na huo umeme mnaushika namna gani?

KatubaPlay (Lubumbashi)
World (2018) ni mzuri sana, ila wawindaji wanne wanakutana mtandaoni tu, kwa PS Plus (usajili wa kulipia wa PlayStation). Skrini haigawanyiki. Kwa nyumba yako, baadaye.

Volti_Ibanda (Bukavu)
Umeme. Kwanza zima kabisa, usiache mashine kwenye usingizi. Ikikatikiwa ikiwa imelala au inaandika, safari ijayo inakagua diski, na siku moja haitawaka vizuri. Ikigoma: shikilia kitufe cha kuwasha sekunde kama 7 mpaka mlio wa pili, unganisha maneti kwa waya wa USB, chagua namba 5, inayopanga upya hifadhidata. Michezo haifutwi. Namba 6 na 7 usiziguse, hizo zinafuta kila kitu.

Batri ya volti 12, Ah 100, ni Wh 1200; ya risasi-asidi usiimalize, tumia nusu, Wh 600. Slim na televizheni hiyo ni kama wati 150, toa na kinachopotea kwenye konvertiseri (kifaa kinachogeuza umeme wa batri kuwa wa nyumbani), unapata saa tatu na kidogo. Konvertiseri iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zinafanya adapta za ndani zilie na kupata moto.

Na vumbi lenu jeusi la Goma: usiweke mashine chini sakafuni. Iinue sentimeta 20, nyuma iachie nafasi ya mkono.

Kadutu7 (Bukavu)
Nimesahau moja. Sanduku likiandikwa Biohazard, hiyo ni ya Japani, ndilo jina la Resident Evil kule. Itawaka kwenye mashine yako, lakini kuna matoleo ya kule yaliyopunguzwa damu, na Kifaransa usikitegemee. Muulize muuzaji aiwashe mbele yako, uangalie menyu ya lugha kabla ya kutoa franga.