The Constant Gardener: ilitusemea au ilitutumia tu?

MwanaKaloleni
Wadau, juzi nimeirudia hii filamu na bado roho haijatulia. Mnaijua: riwaya ya John le Carré ya 2001, filamu ikatoka 2005, Mbrazili Fernando Meirelles akaleta kamera Kibera na Loiyangalani. Mke wa mwanadiplomasia Mwingereza anauawa huko Turkana kwa sababu amegundua kampuni inawafanyia maskini majaribio ya dawa ya kifua kikuu. Rachel Weisz akaondoka na Oscar. Kila mtu anasifu kwamba ilisema ukweli wetu. Haya, nitajieni Mkenya mmoja wa ndani ya filamu mnayemkumbuka kwa jina. Mimi naona tulikuwa pazia la nyuma, Wazungu wawili wanapendana mbele yetu na kufa.

Tabasamu_254
Kioko. Na dada yake Wanza. Nimekujibu, tuendelee na maisha.

MwanaKaloleni
Mmoja anafia hospitalini, mwingine anarudi kwao kwa miguu. Asante kwa ushahidi.

BintiPangani
Kaka, huyo Kioko ndiye uti wa filamu, hukuangalia vizuri. Tessa, yule mke, anaomba wampe lifti, mumewe anakataa, eti wenye shida ni wengi mno. Kisha mwishoni mume huyohuyo yuko kwenye ndege Sudan, anambembeleza rubani aokoe mtoto mmoja tu, naye anajibiwa hoja ileile aliyoitoa yeye. Filamu inajua inachofanya. Inamsuta yule Mzungu.

MsomajiWaKale
Shida yenu mnajadili picha. Kitabu kimemchambua Moi na wakubwa wake bila kumung'unya maneno. Filamu imepunguza makali, ikakata na safari nzima ya Kanada ikabakiza mahaba. Ambaye hajasoma kitabu angekaa pembeni asikilize kwanza.

Buda_wa_Umoja
Kukaa pembeni? Manze! 2001 hicho kitabu ungekiona wapi Nairobi, na Moi bado yuko Ikulu? Mzee wangu alikiulizia duka moja mjini, muuzaji akamtazama kama ameulizia bangi. Kilikuwa kinatolewa chini ya kaunta. Wewe ulikisomea wapi, kwa balozi?

MsomajiWaKale
Nilikisomea Arusha, mkuu, kwa pesa yangu. Uoga wa maduka yenu usinibebeshe mimi.

Buda_wa_Umoja
Aaah, Mtanzania. Ningejua mapema nisingepoteza bando.

BintiPangani
Haya tena. Kila mada lazima ifike Namanga.

Makina_Boy
Mimi nimezaliwa Kibera. Mnaposema pazia, hilo pazia ni mtaa wa mama yangu, kwa hivyo polepole. Walipokuja kurekodi watu walipata vibarua, na baadaye wakaanzisha mfuko, Constant Gardener Trust, wa kusaidia elimu kwetu na kule Loiyangalani. Waliokuja na kamera kabla yao na baada yao wametuachia nini? Vumbi la magari.

MwanaKaloleni
Mfuko wenye jina la filamu. Kila mtoto akisaidiwa, tangazo.

Makina_Boy
Wewe umesaidia wangapi bila tangazo?

DaktariMstaafu
Wanangu, tuache kurushiana maneno. Wengi waliisoma riwaya ile wakikumbuka Kano, Nigeria, 1996. Kulikuwa na mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ikawapa watoto dawa iitwayo Trovan kwa majaribio, 11 kati ya waliokuwa kwenye majaribio hayo wakafariki. Kampuni ilishikilia kwamba kilichoua ni ugonjwa, si dawa, kisha 2009 ikamalizana na jimbo la Kano kwa dola milioni 75. Na le Carré mwenyewe ameandika mwishoni mwa kitabu kwamba ukiilinganisha na hali halisi, hadithi yake ni pole kama kadi ya posta ya likizo. Swali la maana ni hili: mgonjwa asiyeweza kusoma fomu anatoaje ridhaa, na atamkatalia nani wakati dawa ya bure ni hiyo hiyo moja? Hayo nimeyaona kwa macho wodini. Ingawa ule wimbo wa mwisho wa filamu, yule jamaa wa Mali na kora yake, chozi lilinitoka.

NyarAlego
KORA? Ya MALI?

Mzee wangu, kwa heshima zote za mvi zako, ile ni NYATITI, ala yetu Wajaluo. Nyuzi nane. Anayepiga na kuimba ni Ayub Ogada, Mjaluo, wimbo ni Kothbiro. Kora ina nyuzi 21, inashikwa kivingine, inapigwa kivingine. Mtu wetu amefariki 2019, na hata kifo hakijamtosha, mnamhamishia Bamako.

DaktariMstaafu
Binti yangu, nyuzi ni nyuzi. Nilikuwa nazungumzia Kano.

NyarAlego
"Nyuzi ni nyuzi"! Basi dawa ni dawa, kawape wagonjwa yoyote.

Tabasamu_254
Mzee kaungua 😂😂

Buda_wa_Umoja
Lakini dada, Kothbiro si ya Ogada peke yake. Bendi ya Black Savage waliirekodi miaka ya 70, muulize yeyote anayemjua Mbarak Achieng wao. Ndiyo hiyo rekodi Kanye West aliyoikata akaitia kwenye wimbo wake Yikes 2018. Ogada aliipeleka mbali, sawa, ila tusifute wengine.

NyarAlego
Nani amefuta? Nimesema anayeimba KWENYE FILAMU. Na kwa taarifa yako Ogada huyohuyo, akiitwa Job Seda, aliigiza kwenye filamu ya Out of Africa, 1985. Mzungu mwingine aliyekuja kufia kwetu.

MsomajiWaKale
Kwenye kitabu hakuna wimbo.

Buda_wa_Umoja
Kwenye kitabu pia hakuna wewe, lakini umo humu tangu asubuhi.

MwanaKaloleni
Sasa oneni. Niliomba jina la Mkenya mmoja, na tumelipata kwa mtu ambaye sura yake haionekani hata sekunde. Filamu ile ilijua kutusikiliza, kutuangalia ndiko kulikoishinda.

BintiPangani
Maneno matamu, ila hujajibu kuhusu rubani.

Makina_Boy
Wala kuhusu umesaidia wangapi.

Tabasamu_254
Mwenye albamu ya En Mana Kuoyo ya Ogada anitumie, nimechoka kusoma.

NyarAlego
Nunua! Ndiyo maana wasanii wetu wanakufa maskini. Na mzee wa kora bado hajanijibu.

DaktariMstaafu
Nanyi hamjanijibu kuhusu Kano.