Vipele na weusi shingoni kwa sababu ya kunyoa, arusi imebaki wiki saba. Nisaidieni

Kijana wa Langoni

Assalaam aleikum jamani. Nina miaka 28, niko Lamu, kazi yangu ni kupokea wageni kwenye nyumba moja kule Shela. Mwenye kazi hataki kuona ndevu, kwa hiyo nanyoa kila siku alfajiri kabla sijapanda boti. Natumia wembe wa kushika, ule wenye makali matano.

Chini ya taya na kooni kumejaa vipele vigumu kama punje za mtama, vingine vina usaha kichwani. Nikipitisha kidole ni kama nimeshika ngozi ya taa, ile ya kukwangulia mbao. Vikikauka vinaacha alama nyeusi. Sasa nina uso wa rangi moja na shingo ya rangi nyingine.

Nimeshatia spiriti (machozi yalinitoka), dawa ya meno usiku, na mafuta ya nazi. Wiki iliyopita shangazi yangu akanambia nikate ndimu nisugue, eti inang'arisha. Nikasugua asubuhi, nikapanda boti, nikakaa mbele kabisa kwenye jua. Kesho yake pakawa panawaka moto, yakatoka malengelenge mawili. Hivi sasa pameshika weusi kushinda ule wa kwanza, na kuna mchirizi mweusi mpaka kifuani, pale pale maji ya ndimu yalipoteremkia.

Arusi ni mfungo saba, mwezi wa saba baada ya Ramadhani. Shemeji yangu mtarajiwa ameniletea kopo la krimu, anasema wiki mbili tu nitang'aa. Sijalifungua. Mimi nataka vitu vya asili, vya nyumbani. Na tafadhalini msinambie nifuge ndevu.

Abuu wa Matondoni

Fuga ndevu.

Kijana wa Langoni

Ahsante sana Abuu.

Abuu wa Matondoni

Sifanyi mzaha, ndugu yangu. Ni sunna na ni dawa. Mimi nilikuwa na vipele hivyo hivyo, niliacha wembe na vikaondoka vyenyewe bila kupaka hata tone la kitu.

Mama Watatu

Pole mwanangu. Lakini ndimu na jua? Ee! Sisi wakati wetu ndimu ilikuwa ya samaki na ya kutoa shombo mikononi, na ukimaliza unaosha. Usimlaumu shangazi, amesikia kwa watu naye akapitisha.

Kinyozi Mzee

Kijana, kabla sijasema lolote nijibu mawili. Ukinyoa shingo, wembe unaupeleka juu au chini? Na ngozi unaivuta?

Kijana wa Langoni

Naupeleka juu, kuelekea kidevuni. Na naivuta, ndiyo, ili palainike kabisa. Narudia mara mbili tatu.

Kinyozi Mzee

Basi maradhi yako yako mkononi, huna haja ya kuyatafutia chupa.

Nimeshika mashine na wembe zaidi ya miaka thelathini, na shingo kama yako naziona kila Alhamisi jioni watu wanapojitayarisha kwa Ijumaa. Sikiza. Nywele zetu sisi zimejikunja tangu kwenye mzizi. Wembe wa makali mengi umetengenezwa hivi: kali la kwanza linaunyanyua unywele, linalofuata linaukata, kisha unywele unajirudia chini ya ngozi. Na wewe umeivuta ngozi juu yake, kwa hiyo ukiiachia ndiyo unazama zaidi. Ile ncha imekatwa mshazari, ni kali kama mkuki. Ukianza kukua hauoni tundu la kutokea, unachoma huko huko ndani. Mwingine unatoka vizuri, halafu unajikunja kama ndoana na kuingia tena pembeni. Mwili unaona umeingiwa na mwiba, unaanza kupigana nao. Pale panapopiganwa ndipo kipele. Wala si uchafu, wala si damu mbaya, na jicho la mtu halimo.

Kwa hiyo, wembe weka chini. Leo. Mwezi mzima ngozi isiguswe na kali. Wiki ya kwanza utaona kama mambo yameharibika zaidi, mwasho utakusumbua, usirudi nyuma. Kila usiku loweka kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, kiweke shingoni dakika tano, kisha chukua mswaki laini (mpya, si wa meno yako) uzungushe polepole. Unywele uliojikunja juu ya ngozi utauona kwa mato kama kitanzi cha uzi. Sindano safi iliyopanguswa spiriti, ingiza chini ya kitanzi, nyanyua, basi. Usiung'oe. Ukiung'oa utaota tena ukiwa chini zaidi na utachoma upya. Ule usiouona usiuchimbe.

Kuhusu kazi: mashine ya umeme, meno madogo kabisa, uiinue isigandamize ngozi, ubakishe kama milimita moja. Ukisimama mezani kwako kupokea wageni hakuna atakayejua hukunyoa.

Mpita Ndia

Na ile poda ya kunyolea, ya kukoroga na maji? Baba yangu hakugusa wembe maisha yake yote, alitumia hiyo.

Kinyozi Mzee

Inafanya kazi kwa wengine, kwa sababu inauyeyusha unywele na ncha inabaki butu. Ila ni kali sana. Ukiisahau dakika kadhaa inakula ngozi, na harufu yake kama yai viza. Kwa shingo iliyokwisha kuungua na ndimu, hapana.

Tabibu wa Malindi

Kaka Langoni, mimi ni mhudumu wa afya hapa Malindi. Mzee hapo juu amesema kweli, naongeza yale yanayonihusu.

Kwanza ndimu. Hukuwa na bahati mbaya, ni jambo linalojulikana. Ndani ya maji ya ndimu, hasa kwenye ganda, kuna kemikali ambazo zikipigwa na miale ya jua juu ya ngozi zinaiunguza. Moto wake hauonekani papo hapo, unakuja baada ya siku moja au mbili, kisha unaacha weusi unaofuata umbo la mmiminiko. Ndiyo maana una mchirizi kifuani. Weusi huo utaondoka, lakini ni wiki na miezi, si siku.

Pili, hilo kopo. Krimu nyingi za kung'arisha kwa haraka zina hidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali, na mara nyingi hazikuandikwa. Hidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi zimepigwa marufuku hapa Kenya. Zebaki hudhuru figo. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi na vipele virudi kwa hasira ukiacha. Mrudishie shemeji kwa adabu, mwambie ngozi yako haipokei manukato.

Tatu, kwa nini mwezi? Ndevu hukua takriban theluthi ya milimita kwa siku, kwa hiyo mwezi ni kama sentimita moja. Unywele ukifika urefu huo, ule uliojirudia ndani huwa unajivuta wenyewe ukatoka. Ukinyoa katikati unaanza upya hesabu. Kwa hivyo mashine ya Mzee ni njia ya mtu aliyebanwa na kazi, itapunguza sana, lakini kuacha kabisa ndiko kunakoponya haraka. Omba barua ya daktari umpe mwenye kazi. Si ajabu, hata jeshi la Marekani kwa miaka mingi lilikuwa likiwapa askari wenye shida hii cheti cha kutonyoa.

Nne, weusi wenyewe ni rangi ambayo ngozi imemwaga baada ya kuumia. Jua linaupigilia msumari. Wewe unavuka Lamu na Shela kila siku juu ya maji, jua linakupata juu na linakupata kutoka chini. Jitande kikoi shingoni, na vipele vikitulia paka krimu ya jua yenye zinki. Hii ndiyo "dawa ya weusi" ambayo watu hawaipendi kwa sababu haifanyi miujiza.

Pakiwa pamevimba, pana joto, usaha unaenea, au una homa, hiyo ni bakteria, nenda hospitali. Pakiwa na duara lenye magamba, huenda ni choa, dawa yake nyingine kabisa. Na ukiona uvimbe mgumu unaokua kisogoni, usinyoe hapo wala usiuguse, muone daktari mapema kabla haujawa kovu kubwa.

Kijana wa Langoni

Allah awabariki. Nimeelewa. Lakini hakuna kitu cha kupaka kabisa? Mikono inaniwasha kutaka kupaka kitu.

Bint Mkomani

Kipo, ila ujue kinafanya nini. Cha kupoza ni cha kupoza, hakitaunyoosha unywele.

Shubiri. Si lazima ununue, mmea wenyewe uko kwenye makopo ya watu mitaani. Kata jani la chini lililonenepa, lisimamishe kwenye gilasi robo saa. Utaona maji ya manjano yanadondoka. Hayo ni machungu na yanawasha, yamwage. Kisha menya ganda, osha ule ute, ndio upake. Jaribu kwanza ndani ya mkono usiku mmoja. Mimi nauweka kwenye friji, ukipaka unasikia baridi mpaka roho inatulia. Usitengeneze mwingi, siku mbili tatu unachacha.

Liwa, ule mti wa kunukia. Nyanya alikuwa na msio wake wa kusagia, jiwe la matumbawe, limechimbika katikati kwa miaka ya kusagwa. Tone la maji ya waridi, kijiti cha liwa, unasugua mpaka upate uji wa rangi ya mchanga. Inapoza, inanukia, na kwa bwana arusi haina mfano. Lakini paka juu kama unavyopaka rangi, usisugue. Watu wanachukua liwa au singo (ule mchanganyiko wa kusugulia mwili) wanakwangua vipele kama wanasafisha sufuria, halafu wanashangaa. Na ile unga ya liwa ya pakiti wakati mwingine ni unga wa mbao na manukato.

Asali ya kweli, robo saa, kisha osha: nzuri kwa vile vyenye usaha. Manjano sikushauri, kola zote za kanzu zitakuwa za rangi ya pilau ya manjano na wenzako watasema umepakwa kabla ya siku. Mafuta ya nazi, kidogo, chini ya mashine ili iteleze, sawa. Kulala nayo shingoni kwa wengine yanaziba vitundu.

Dada zangu mnaosoma kimya kimya, kwapa na miguu ni hadithi ile ile. Mimi niliharibu kwapa zangu kwa wembe mmoja uliokaa bafuni miezi. Sukari na ndimu iliyopikwa nayo inang'oa, na uking'oa nywele nyingine zinaota ndani pia. Siku arubaini za kunyoa zilizotajwa katika dini ni mwisho wa muda, haikusemwa kila siku mbili.

Mama Watatu

Na maji je? Langoni visima vingi vina chumvi, sabuni haitoi povu mpaka uchoke. Atumie ya bomba, yale ya visima vya Shela, au ya mvua kama kuna jabia.

Kinyozi Mzee

Mama umenena. Povu likikosekana wembe unakwaruza. Nilisahau hilo.

Tabibu wa Malindi

Kwa wapenda asili, neno moja. Kuna asidi inayoitwa azelaiki, inapatikana ndani ya shayiri na ngano, na madukani ya dawa iko kama krimu. Hupunguza vipele na weusi pamoja, polepole, miezi miwili mitatu. Muulize mfamasia. "Asili" haimaanishi lazima itoke kwenye kopo la jirani.

---

Kijana wa Langoni (wiki mbili baadaye)

Nimerudi. Nilipeleka barua ya daktari, mwenye kazi akaisoma mara mbili, akasema ndevu fupi sawa ila zisifike kooni. Nikaacha kabisa. Siku tisa za mwanzo nilitamani kujikuna kwa ukuta. Jana nimenyanyua vitanzi sita kwa sindano, kimoja kilikuwa kirefu kama kope. Kilipotoka, kipele kikanywea kufika jioni.

Shubiri inasaidia mwasho. Krimu nimerudisha, shemeji amenuna kidogo.

Abuu wa Matondoni

Nilisema nini mimi?

Kijana wa Langoni (wiki ya tano)

Vipele vipya hakuna. Vilivyobaki ni vitatu chini ya sikio. Weusi upo, umefifia kidogo pembeni, ule wa ndimu ndio mkaidi. Kikoi kimenisaidia, ingawa manahodha wananiita bibi.

Sasa swali la mwisho. Siku ya arusi kuna kunyolewa, jamaa wote wamesimama na kutunza, na wazee wanataka kuona wembe. Nifanyeje?

Kinyozi Mzee

Wazee wanataka kuona wembe, watauona. Njoo na wembe mpya wako mwenyewe, ufunguliwe mbele yao, hilo kwanza. Wembe wa kushirikiana unaweza kupitisha maradhi ya ini na virusi vya Ukimwi. Maji ya vuguvugu kabla, povu zito. Nitapita mashavuni na sharafa tu, kuelekea chini, mara moja, ngozi sitaivuta. Shingo nitapitisha mgongo wa wembe juu ya povu. Hakuna atakayejua ila mimi na wewe.

Na usiku wake usipake ndimu.

Kijana wa Langoni

Shangazi ameshaanza kuuliza kama nimenunua.