Je, maghorofa ya vioo yanaifaa Dar es Salaam?

Swali: Ndugu zangu, kila nipitapo Posta naona ghorofa jipya lililofunikwa vioo kuanzia chini hadi juu, lisilo na roshani wala kivuli, ambalo halikaliki umeme ukikatika. Je, huu ndio uzuri tunaoutaka katika jiji la joto na unyevu kama hili?

Jibu la 1: Hoja yako ni ya msingi, ndugu, hasa kwa kuwa tulikwisha kujenga vizuri zaidi. Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kukamilika katika miaka ya 1970, lilipewa paa la zege lenye maumbo mithili ya miavuli, yanayokinga jua na mvua huku hewa ikipita pembeni. Hata baada ya moto wa Julai 2021, naliona kuwa jengo zuri kuliko yote jijini.

Jibu la 2: Naheshimu maoni hayo, ila tusiwalaumu wasanifu peke yao, kwani ardhi ya katikati ya jiji ni ghali na mwenye mradi hutaka nafasi nyingi za kupangisha. Kinachoniudhi zaidi ni ukuta na geti la maegesho pale chini, palipostahili kuwa na baraza na maduka.

Jibu la 3: Nakubali kuhusu baraza. Halmashauri ingeweza kulifanya sharti la kibali cha ujenzi.